BWAWA LA UDONGO: RAFIKI ANAYETAKA KUCHUNGWA

Katika ukurasa huu wa mafunzo tumezoea ngeli na methali. Safari hii nimeona tujifunze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu hapa Wajir amekiona kwa macho, lakini wachache wanakijua kwa undani. Kitu chenyewe ni bwawa la udongo.

1. Jina na umbo lake
Wengine husema bwawa, wengine lambo, na hapa Kenya wengi husema silanga. Kwa Kisomali wazee wetu huliita war. Penye vilima na mabonde, watu huziba mkondo wa maji kwa ukuta wa udongo. Lakini Wajir ni tambarare tupu, hatuna bonde la kuziba! Kwa hiyo huchimbwa shimo pana mahali maji ya mvua yanapokusanyika, na udongo unaotoka hurundikwa kando ukawa tuta.

2. Faida zake
Mvua zetu huja mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, tena kwa uchache. Visima vya Wajir mjini vina sifa tangu kale, lakini si kila mahali pana kisima, na maji ya vingine yana chumvi. Bwawa humwezesha mfugaji kubaki karibu na malisho mvua ikishapita. Ng'ombe, mbuzi, ngamia na punda hunywa. Kina mama hupunguziwa mwendo wa kuteka maji. Tofali hufyatuliwa na miche ya miti hunyweshwa.

3. Mwizi aitwaye jua
Tufanye hesabu kidogo. Chukua bwawa lenye urefu wa meta 50, upana meta 50 na kina meta 2, kingo zake zikiwa wima. Lina meta za ujazo 5,000, yaani lita milioni 5. Tukadirie kwamba jua na upepo huondoa milimita 6 kwa siku. Ni kidogo, au sivyo? Basi zidisha: lita 15,000 kila siku, sawa na mitungi 750 ya lita 20! Ngamia mwenye kiu huweza kunywa lita 100 kwa mara moja. Ni kusema kwamba jua letu hunywa kama ngamia 150 kila siku, na hakuna wa kulifukuza.
Dawa yake ni kina. Bwawa la maji yaleyale likichimbwa meta 4 kwenda chini, uso wake huwa nusu tu, na jua nalo hupata nusu. Ndiyo sababu mchanga ukijaa tunapata hasara mara mbili: nafasi ya maji hupungua, na yaliyobaki hutandaa juu juani.

4. Yanayoliua bwawa
Kwanza ni maji kupita juu ya ukuta. Udongo si saruji. Maji yakishapita juu huuchimba ukuta kwa muda mfupi. Kwa hiyo lazima iwepo njia ya kutokea maji ya ziada, kando, penye ardhi ngumu, na ukuta ubaki juu ya maji walau meta moja.
Pili ni maji kupenya ndani ya ukuta. Mashimo ya nungu, njia za mchwa na mizizi ya mathenge humfungulia maji mlango. Jasho la maji safi nje ya ukuta ni la kuangaliwa. Likigeuka tope, jueni ukuta unaliwa kwa ndani. Hapo watu waondoke upande wa chini na wahusika waitwe mara moja.
Tusidhani haya ni maneno ya vitabuni tu. Kule Solai, Kaunti ya Nakuru, palipo na vilima, ukuta wa bwawa ulipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 baada ya mvua kubwa. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wakiwa majumbani mwao.

5. Bwawa nalo huua
Kwetu tambarare hatari kubwa ni nyingine. Desemba 2021, wakati wa ukame, twiga sita walikufa karibu na kijiji cha Eyrib, katika hifadhi ya Sabuli hapa Wajir. Walikuwa dhaifu kwa njaa na kiu, wakaingia kunywa katika bwawa lililokaribia kukauka, wakanasa topeni. Picha yao ilizunguka dunia nzima. Jamani, kama twiga mwenye miguu mirefu vile hutekwa na tope, ndama je? Mtoto je?
Tusisahau mbu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta homa ya Bonde la Ufa katika Garissa na Wajir. Watu na mifugo wengi walikufa.

6. Tufanye nini?
(a) Tuzungushe ua wa miiba, tuache mlango mmoja.
(b) Mifugo inywe nje, katika birika, isiingie majini.
(c) Tung'oe miti michanga juu ya ukuta, tuache nyasi zishike udongo.
(d) Kabla ya kila msimu wa mvua tuzoe mchanga na tuzibue njia ya maji ya ziada.
(e) Maji ya kunywa yachemshwe.

Wengine husema, "Serikali ilichimba, serikali itatengeneza." Lakini tingatinga likishaondoka, anayebaki ni nani? Jirani zetu Waborana humteua mtu wa kusimamia zamu za kunywesha visimani, na neno lake husikizwa. Bwawa nalo lipewe mlinzi wake. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa bwawa, methali hii si fumbo, ni maagizo.

Maswali
1. Kwa nini bwawa la kina kirefu hupoteza maji machache?
2. Kuna tofauti gani kati ya jasho la maji safi na la tope?
3. Tembelea bwawa lililo karibu nawe. Je, mlinzi wake ni nani?