Mama Akienda Shambani, Mtoto Anabaki na Nani?

Mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo ambalo mama wengi wa Mnyuzi wanalijua, ingawa ni mara chache hulitaja wafikapo kliniki. Asubuhi mama anakwenda kukata mkonge au kulima, baba naye ana shughuli zake, na mtoto wa miaka miwili anaachwa na dada yake wa miaka saba. Uji umeachwa sufuriani tangu alfajiri. Ikifika saa sita umekwisha kuchacha, na huyo dada mwenyewe ana njaa. Jioni mama anarudi amechoka, mtoto amelala. Kesho ni vivyo hivyo.

Tazameni, hapo watoto wawili wanapata hasara kwa mpigo. Mdogo anakosa malezi, na dada yake, ambaye yafaa awe darasani, anakosa shule.

Zamani mtoto aliachiwa bibi. Lakini Mnyuzi na vijiji vya jirani ni mahali pa watu wengi waliokuja. Mashamba ya mkonge yalileta manamba kutoka mbali, na mwaka 1963 reli ya kutoka Ruvu iliungana hapa na ile ya Tanga. Wazigua, Wabondei na Wasambaa wana ndugu karibu, bali nyumba nyingine hazina bibi wala shangazi. Kule Handeni shida ni hiyo hiyo kwa sura nyingine: mama anatoka kutafuta maji, naye anachelewa kurudi.

Kwa nini tunaliita jambo la afya?

Kwa sababu ubongo wa mtoto hukua upesi kabisa katika miaka ya mwanzo. Afikapo miaka miwili umekwisha kufikia karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Wakati huo unahitaji chakula, lakini unahitaji pia mtu wa kusema na mtoto, kumjibu anapoita, kumwimbia na kucheza naye. Wazazi wengi hudhani mtoto mchanga haelewi, kwa hiyo hakuna haja ya kuzungumza naye. La hasha! Anajifunza kabla hajatamka neno.

Katika mji wa Kingston, nchini Jamaika, wataalamu walianza mwaka 1986 kuwafuatilia watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa kati ya miezi 9 na 24. Baadhi walipewa maziwa ya nyongeza. Wengine walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki kwa miaka miwili na mhudumu wa afya, aliyemwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mikono. Wengine walipata yote mawili, na wengine hawakupata lolote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kwamba maziwa yalisaidia, mchezo ulisaidia, na yote mawili pamoja yalisaidia zaidi. Miaka 20 baadaye waliotembelewa walikuwa wakipata kipato zaidi kwa asilimia 25 kuliko wale ambao hawakutembelewa, lakini waliopewa maziwa peke yake hawakuwa na tofauti. Sisi wa ukurasa huu, ambao kila mwaka tunahubiri uji wa lishe, tulisoma habari hiyo mara mbili.

Hatusemi uji si kitu. Kwa hesabu za mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, na uji mwepesi humjaza bila kumshibisha. Anahitaji kula mara tatu hadi nne kwa siku, uji uwe mzito, utiwe mafuta kidogo au karanga zilizosagwa. Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe, kwani sumukuvu haiishi kwa kuchemshwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Sasa, nani atampa mtoto chakula hicho saa nne na saa sita, na kuongea naye, wakati mama yuko shambani? Nyumba moja haiwezi. Nyumba kumi na tano zinaweza.

Mfano mzuri uko kwa jirani zetu Waislamu. Katikati ya miaka ya 1980, kule Mombasa, wazazi walitaka watoto wao wapate elimu ya awali bila kuacha madrasa. Kwa msaada wa Aga Khan Foundation, mwalimu Bi Swafiya Said akaanza kuwafundisha wanawake wa mitaa yao kuwa walimu wa chekechea. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wanakijiji walitoa chumba na kuchagua kamati, nao wafadhili wakatoa mafunzo. Vitu vya kuchezea vilikuwa vifuu, mbegu, vizibo na matambara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watoto wa shule hizo walikuwa mbele ya wenzao waliobaki nyumbani.

Waliona mapema pia pale ambapo vituo vingi hufia: mshahara wa mwalimu. Wakaanzisha mfuko wa akiba, wanakijiji wakachanga, wafadhili wakaongeza, na faida yake ikasaidia kulipa walimu. Sisi tumekwisha kuona kituo kilichofunguliwa kwa ngoma na hotuba, kikafungwa mwaka wa pili kwa sababu mlezi alilipwa ahadi.

Basi hapa kwetu nani abebe nini? Serikali ya kijiji inaweza kutoa jengo na choo. Zahanati ilete mizani: huko Iringa, katika mpango ulioanza mwaka 1983, vijiji vyenyewe viliwapima watoto na kujadili matokeo hadharani, na utapiamlo mkali ukashuka kutoka takribani asilimia 6 hadi chini ya 2 katika miaka mitano hivi. Jumuiya ndogondogo, pamoja na majirani wa msikitini, zichague walezi wawili wanaopenda watoto. Kila nyumba ilete unga, kuni na mchango wa mlezi, hata kama ni mdogo, lakini kila mwezi. Akina baba, msigeuze ukurasa: uzio wa kuwazuia watoto wasifike relini na mtoni ni kazi yenu, na hadithi za sungura na fisi mnazijua pia.

Kituo kisajiliwe kwa afisa ustawi wa jamii, kama Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavyotaka. Mtoto wa miaka mitano aende darasa la awali katika shule ya msingi, ambako ada ilifutwa tangu mwaka 2016. Kituo ni kwa ajili ya wale wadogo zaidi.

Wengine watasema watu wa hapa hawawezi kushirikiana. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilipofanyiwa majaribio makubwa kuanzia mwaka 2009, Korogwe ilikuwa mojawapo ya sehemu mbili za Tanzania zilizoshiriki, pamoja na Bagamoyo. Wazazi waliwaleta watoto wao na kurudi nao kila walipoitwa, kwa miaka kadhaa.

Neno moja kwa kamati zitakazoanza. Vituo vingi hufungwa masika, kati ya Machi na Mei, kwa kuwa njia zina tope na michango imepungua. Huo ndio msimu ambao mama yuko shambani kutwa, ghala iko tupu na mbu ni wengi. Wekeni unga wa miezi hiyo mapema, mara baada ya mavuno.