Usipime kwa Mawe Mawili

Somo la juma: Kumbukumbu la Torati 25:13–15, Mithali 18:17, Matendo ya Mitume 17:11

Juma hili mchungaji amenipa nafasi niandike somo la vijana. Wazazi pia msome, maana jambo lenyewe linatugusa sote.

Mwezi uliopita binti mmoja wa kanisa letu, anayesomea ualimu, alikuja likizo hapa Kipungani na kazi ya chuo. Mwalimu wao amewaagiza kila mmoja achague mjadala unaowagawanya Wakenya, atafute vyanzo vya pande zote, avipime, kisha aandike. Yeye akachagua mjadala wa utoaji mimba. Jioni tukakaa kwenye mkeka kibarazani, akafungua simu. Alikuwa na vyanzo kumi na moja. Akaniuliza, "Mama, si nitumie hivi vinavyotuunga mkono tu? Hivi vingine ni vya watu wa dunia."

Nilinyamaza kidogo. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo, na nusura mtu afe.

KARATASI NILIYOISOMA

Mwaka 2010 nilikuwa nikiishi bara. Nchi ilikuwa inajiandaa kwa kura ya maamuzi ya Katiba mpya, iliyopigwa tarehe 4 Agosti. Viongozi wengi wa makanisa, wakiwemo wa NCCK na maaskofu wa Kikatoliki, waliipinga, na mojawapo ya sababu ilikuwa kifungu cha 26 kuhusu uhai.

Jumapili moja nikapewa kipeperushi nikisome mbele ya kanisa. Hakikuwa na jina la mwandishi wala tarehe. Kilisema ati Katiba mpya itamruhusu mwanamke yeyote kutoa mimba wakati wowote, kwa sababu yoyote. Kikaongeza kwamba mwanamke akikubali daktari aiguse mimba yake, hata awe mgonjwa vipi, ni muuaji mbele za Mungu. Nilisoma kwa sauti kubwa. Watu wakasema Amina.

Miezi michache baadaye wifi yangu alishika mimba. Akaanza kuumwa upande mmoja wa tumbo na kutokwa damu. Kwenye zahanati wakamwambia aende hospitali kubwa upesi, huenda mimba imetunga kwenye mrija, nje ya mfuko wa uzazi, na itabidi iondolewe. Mimba iliyotunga kwenye mrija haiwezi kufika mtoto akazaliwa. Mrija ukipasuka, mama huvuja damu ndani kwa ndani. Wifi yangu hakwenda. Alirudi nyumbani akajifungia kuomba siku mbili, mpaka alipozimia ndipo kaka yangu akambeba.

Alipona kwa neema ya Mungu, na kwa damu ya watu waliojitolea. Nilipomwona wodini aliniambia maneno machache tu: "Wifi, si wewe ndiye uliyetusomea ile karatasi?"

Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike haya.

Baada ya hapo ndipo nilipokisoma kifungu chenyewe. Ni kifupi, hata chai haipoi. Kinasema kila mtu ana haki ya kuishi, na uhai huanza mimba inapotungwa. Kisha kinasema utoaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa mhudumu wa afya aliyehitimu akiona pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au kama sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Mtu anaweza kubishana kwamba neno "afya" ni pana mno na linafungua mlango. Makanisa yalisema hivyo, na ni hoja ya maana. Lakini kipeperushi changu hakikutoa hoja hiyo. Kilisema uongo, nami nikautolea sauti.

JIWE MOJA KWA WOTE

Katika Kumbukumbu 25, Mungu anawakataza watu wake kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja zito na moja jepesi. Wavuvi wetu wanalielewa andiko hili kuliko mhubiri yeyote. Mnunuzi akiwa na mizani ya kununulia na mizani nyingine ya kuuzia, hata akiwa anaimba kwaya, ni mwizi.

Na habari ni vivyo hivyo. Ikija ya upande tusioupenda, tunatoa jiwe zito: nani kasema, ushahidi uko wapi? Ikija ya upande wetu, tunatoa jiwe jepesi, tunasambaza kabla hata hatujamaliza kusoma. Mithali 18:17 inatukumbusha kwamba anayesema kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji. Na watu wa Beroya walisifiwa kwa sababu hata Paulo mwenyewe walimpima kwa Maandiko, siku baada ya siku.

Basi nikamwambia yule binti, "Mwanangu, tuvipime vyote kumi na moja kwa jiwe moja." Tukatumia maswali manne.

1. Nani anasema, na je, hiki ndicho chanzo chenyewe?

Tulitenga mafungu matatu. La kwanza ni mambo yenyewe: Katiba, Kanuni ya Adhabu, hukumu za mahakama, ripoti kamili ya utafiti. La pili ni wanaosimulia kuhusu mambo hayo: gazeti, kijitabu, mahubiri. La tatu ni vitu visivyo na mwenyewe, kama ujumbe wa simu uliotumwa kutoka kundi hadi kundi. Fungu la pili linatumika, ila ukilinganisha na la kwanza. Fungu la tatu halisimami peke yake.

Sheria na hukumu za Kenya zinasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Humo binti alijionea kwamba vifungu vya 158 hadi 160 vya Kanuni ya Adhabu vinataja kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, na hadi miaka 3 kwa anayetoa vifaa au dawa akijua matumizi yake. Ujumbe mmoja kwenye simu yake ulidai adhabu hizo zilifutwa mwaka 2010. Tukauondoa.

2. Amejuaje?

Chanzo kimoja kilisema mwaka 2012 Kenya ilikuwa na mimba karibu 465,000 zilizotolewa. Binti akasema, "Huu ni uongo. Nani alizihesabu?" Swali zuri! Tukatafuta jibu. Idadi hiyo ilitolewa mwaka 2013 na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi, Wizara ya Afya, na mashirika ya Ipas na Guttmacher. Hawakudai kuhesabu moja moja. Walikusanya taarifa za wanawake waliotibiwa hospitalini kwa matatizo baada ya kutoa mimba, wakawauliza wataalamu ni wangapi hawafiki hospitalini, kisha wakakadiria. Kwa hiyo ni makadirio, na inafaa kuandikwa hivyo. Pia ni haki kumwambia msomaji kwamba Ipas ni shirika linalotetea huduma za utoaji mimba. Lakini msimamo wa mtu haufanyi hesabu yake iwe ya uongo. Unatufanya tuikague njia yake, basi.

Kisha tukachukua chetu. Kijitabu cha kanisa kilisema kutoa mimba huleta saratani ya matiti. Nami nimewahi kuyafundisha hayo. Utafiti wa zamani kweli ulielekea huko, lakini mwingi uliwauliza wagonjwa wa saratani na wanawake wazima wakumbuke ya nyuma. Mgonjwa huelekea kusema yote akitafuta sababu ya ugonjwa wake, mzima huficha. Mwaka 1997 watafiti wa Denmark walitumia kumbukumbu za serikali za wanawake milioni 1.5, zilizoandikwa kabla mtu hajaugua, na hawakuona ongezeko la saratani hiyo kwa jumla. Mwaka 2004 uchambuzi wa tafiti 53 kutoka nchi 16 ukafikia hapo hapo. Tukakiondoa kijitabu. Ilituuma, lakini tulikiondoa.

Msidhani wa upande wa pili hawana makosa. Daktari Bernard Nathanson wa Marekani alikuwa miongoni mwa walioanzisha harakati za kuhalalisha utoaji mimba huko. Baadaye alibadilika, akaandika mwaka 1979 kwamba idadi ya maelfu ya wanawake waliodaiwa kufa kila mwaka walikuwa wakiitangaza huku wakijua si kweli. Naye pia apimwe, maana shahidi aliyehama upande ana lake moyoni. Ila ungamo lake linafundisha kwamba kusudi unaloliona jema halisafishi hesabu ya uongo.

3. Lini, na nini kilifuata?

Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Malindi, jirani zetu hapa, iliamua kesi ya msichana mmoja na mhudumu wa afya waliokuwa wamekamatwa. Jaji aliitaja huduma ya utoaji mimba kuwa haki ya msingi kikatiba. Binti alikuwa na kipande cha habari cha siku ile kilichosema ati sasa kila kitu ni ruhusa. Lakini mipaka ya kifungu cha 26 ilibaki palepale, na hukumu yenyewe ilikatiwa rufaa. Anayenukuu kesi bila kufuatilia rufaa yake amesoma nusu.

4. Ameacha nini?

Kipeperushi changu kiliacha maneno kuhusu dharura na uhai wa mama. Maneno yaliyoachwa ndiyo aliyoyahitaji wifi yangu.

MWISHO WAKE

Katika vyanzo kumi na moja, saba vilibaki. Vinne vilivyoondoka, vitatu vilikuwa vya upande wetu. Binti akacheka kwa aibu, akasema, "Mama, kumbe sisi ndio tulioongoza!" Msimamo wake kwamba mtoto tumboni ni kazi ya mikono ya Mungu (Zaburi 139:13) umebaki, na ataueleza bila kuuegemeza kwa uongo. Nilimwomba jambo moja zaidi: asiandike habari za mwanamke yeyote wa kijijini bila ruhusa yake. Hapa sote twajuana, na miongoni mwetu wapo wanaobeba maumivu ambayo hatuyajui.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:
• Ni habari gani uliyoisambaza juma hili bila kujua mwenyewe ni nani?
• Soma Kutoka 20:16. Je, ushuhuda wa uongo unakuwa halali ukisaidia jambo jema?
• Mama mjamzito akiumwa au kutokwa damu, sisi kama kanisa tunamwambia nini kwanza, na nani atampeleka hospitali usiku?

Ombi: Bwana, tusamehe tulipolitetea jina lako kwa maneno tusiyoyachunguza. Tupe jiwe moja la kupimia, kwetu na kwa jirani zetu. Amina.