Kona ya Ufundi: Paipu za rejeta kwa Land Rover iliyobadilishwa injini

Kwenye barabara za Nyandarua bado utakutana na Land Rover Series III, zilizoundwa kati ya 1971 na 1985, zikibeba viazi na maziwa. Baadhi hazina tena injini yao ya lita 2.25. Wenyewe wamefunga dizeli ya Toyota 3L ya lita 2.8, ileile ya Hilux, kwa kuwa vipuri vyake havisumbui kupatikana. Gari huenda vizuri hadi siku paipu ya rejeta itakapopasuka. Dukani unaulizwa, "Ya gari gani?" Ukisema Land Rover, unapewa inayoingia kwenye rejeta lakini haifiki kwenye injini. Ukisema Hilux, inashika injini na kulegea kwenye rejeta.

Basi nunua kwa vipimo, si kwa jina la gari. Pima kwa kalipa unene wa midomo yote minne, ya rejeta na ya injini, juu na chini. Ukipata milimita 38 upande mmoja na 32 upande wa pili, omba paipu yenye ncha za ukubwa tofauti. Kuikaza paipu pana kwa klipu ni kujidanganya. Mpira hujikunja na maji hupita penye mkunjo.

Kisha chukua waya mgumu, uukunje kufuata njia ambayo paipu itapita, mbali na feni, mkanda na bomba la moshi. Nenda nao dukani uulinganishe na paipu zilizotundikwa ukutani, hata za trekta au matatu. Paipu ndefu yenye kona unazozitaka hukatwa ncha ikakufaa. Bakisha ulegevu kidogo, maana dizeli hutikisika na paipu iliyovutwa huchomoka. (Nenda asubuhi duka likiwa tulivu. Si kila muuzaji ana subira na mteja mwenye waya.) Ukilazimika kuunga kwa kipande cha bomba la chuma, fundi akitengenezee ukingo kwenye ncha zake, na klipu ikae nyuma ya ukingo huo.

Paipu ya chini ndiyo inayoponza wengi. Pampu ya injini hufyonza maji kupitia hiyo, na mpira mwembamba au uliozeeka hunyonywa ukabanana. Gari likisimama hali ni shwari. Likipanda mlima na mzigo, geji ya joto inapanda nalo, kisha fundi anabadilisha thamostati bure. Injini ikiwa na joto, mwenzako akanyage mafuta nawe utazame paipu bila kuweka mkono karibu na feni. Ikibonyea, tafuta yenye kuta nene au springi ndani.

Kifuniko nacho kifuate rejeta, si injini, kwa sababu rejeta ya zamani haikuundwa kwa shinikizo kubwa. Lakini kiwe kizima. Katika mwinuko wa mita 2,300, maji ya sufuriani huchemka karibu nyuzi 92 badala ya 100, hivyo mfumo unaopoteza shinikizo huchemsha mapema huku kwetu kuliko Mombasa. Injini ikichemka, gasketi ya silinda hedi huweza kuungua, na mfuko wa viazi hautalipa gharama hiyo. Usifungue kifuniko kikiwa moto.

Dawa ya rejeta unayomwaga ikusanywe kwenye debe lenye kifuniko. Ni tamu, na ni sumu kwa mbwa, ng'ombe na watoto.

Wenye magari ambayo namba ya injini kwenye logibuku bado ni ya zamani wanakumbushwa kuwasilisha mabadiliko hayo NTSA.

Vipimo ulivyopata viandike kwa rangi ndani ya boneti. Paipu ikipasuka usiku pale Flyover, dereva atajua la kuagiza.