Arabuko-Sokoke: Jifunze Kuusoma Msitu kwa Rangi ya Mchanga

Wakazi wengi wa Kilifi wameuona msitu wa Arabuko-Sokoke kupitia dirisha la matatu pekee. Ukitoka Mombasa kuelekea Malindi, kabla ya kufika Gede, miti huandamana nawe upande wa kushoto kwa muda mrefu, kisha ghafla yanatokea maduka, bodaboda na wauzaji wa maembe. Mimi mwenyewe nilipita hapo kwa miaka mingi nikidhani ni kichaka kimoja kikubwa, kila mahali sawa. Siku niliyoingia kwa miguu ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimeuona kabisa.

Makala hii ni ya kukusaidia kuingia ukiwa umejiandaa. Iwe ni familia inayotafuta matembezi ya Jumamosi, mwalimu anayepanga ziara ya wanafunzi wake, au kikundi cha kina mama kinachotaka kujua msitu huu una faida gani kwao, kuna jambo moja ukilijua utaona mengi: Arabuko-Sokoke ni misitu mitatu ndani ya mmoja, na kinachoitenganisha ni mchanga ulio chini ya viatu vyako.

Kwanza ukubwa wake. Msitu huu una takriban kilomita 420 za mraba, na ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa zaidi uliobaki Afrika Mashariki ukiwa kipande kimoja. Zamani misitu ya namna hii ilifuata ufuo kutoka Somalia hadi Msumbiji. Sasa vimebaki vipande, na kilicho kikubwa kati ya hivyo kiko katika kaunti yetu. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, ukachapishwa rasmi katika gazeti la serikali mwaka 1943. Kuhusu jina, husemekana kwamba Arabuko lilitokana na lugha ya Wawaata, wawindaji wa zamani wa sehemu hizi, ambao ndovu walimwita arba. Ndovu bado wapo, na tutawarudia.

Sasa tuingie. Lango kuu liko katika kituo cha misitu cha Gede, kando ya barabara kuu, mwendo mfupi kusini mwa njia panda ya Gede. Hapo mchanga ni wa kijivu na mvua ni nyingi kuliko ndani. Upande huu wa mashariki hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Hapa miti ni ya aina nyingi iliyochanganyika, mirefu, yenye kivuli kizito. Utamwona mbambakofi, ule ule uliochongwa milango na samani za nyumba za kale za Lamu. Tazama chini yake: mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu ndizo zinazotungwa shanga. Utamwona pia msandarusi, mti unaotoa sandarusi, utomvu uliouzwa ng'ambo kutoka pwani hii kwa muda mrefu ili kutengeneza vanishi.

Huku ndiko mahali pa kutembea polepole na kunyamaza, maana kwenye majani makavu kuna sange. Ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba kama ya paa, na kiuno cha rangi ya dhahabu kana kwamba amekalia rangi mbichi. Uzito wake ni kama nusu kilo. Dume na jike huishi wawili wawili katika eneo lao, hulala katika kiota cha majani kinachofanana na takataka tu, na mchana kutwa hufukua wadudu. Akishtuka hupiga mkia kwenye majani makavu, pa-pa-pa, kisha anatoweka kwa kasi. Duniani kote, sange huyu wa kiuno cha dhahabu anaishi pwani ya Kenya pekee. Watoto wa Gede wamemzoea kwa sababu hukimbia hadi ndani ya magofu. Mgeni kutoka Ulaya hulipa nauli ya ndege ili amwone.

Ukiendelea kuelekea magharibi, mchanga unabadilika kuwa mweupe na miti inabadilika pia. Anga linafunguka. Hii ni sehemu ya mirihi. Udongo huu mweupe hauna rutuba, na mrihi ni miongoni mwa miti michache inayouvumilia, ndiyo maana hapa hapana msongamano. Inua kichwa. Juu kwenye matawi, mara nyingi wakiwa kundi moja na ndege wengine, hupita minana wa Clarke: dume ana kichwa cheusi na tumbo la njano. Ndege huyu hajulikani mahali pengine popote duniani nje ya Kaunti ya Kilifi. Kwa miaka mingi wataalamu walimwona hapa Arabuko-Sokoke lakini hawakujua anataga wapi. Kiota chake kilipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 2013, na hakikuwa ndani ya msitu huu. Kilikuwa kwenye kidimbwi cha msimu katika msitu wa Dakatcha, upande wa Magarini. Kwa maneno mengine, ndege huyu ana nyumba mbili, na zote ni zetu. Mwenye kukata mkaa Dakatcha anagusa ndege wa Gede.

Kisha mchanga unakuwa mwekundu. Wanajiolojia wanauita mchanga wa Magarini, kwa jina la eneo letu hilo hilo. Mvua hapa hupungua hadi kufikia milimita 600 katika pembe ya kaskazini-magharibi, na mti unaotawala ni mfunda: mfupi, mgumu, uliopindapinda, umesongamana hadi huoni hatua chache mbele. Zaidi ya nusu ya msitu mzima ni wa aina hii. Nakiri haupendezi kwa picha. Mtu aliyekuja kupiga selfi atarudi kwenye mirihi. Lakini ndani ya kichaka hiki anaishi bundi mdogo wa Sokoke, ambaye ukimweka mezani hafiki hata urefu wa rula ya mwanafunzi. Ana sentimita 16 au 17 tu. Wengine ni wa kijivu, wengine kahawia, wengine wekundu kama udongo wenyewe. Nje ya pwani yetu, mahali pengine anapojulikana ni chini ya milima ya Usambara Mashariki nchini Tanzania.

Siku tuliyokwenda, mwelekezi wetu alitusimamisha njiani, akaingia kichakani peke yake, akakaa kama robo saa. Tulidhani amekata tamaa. Akatokea akiwa ameweka kidole mdomoni, akatuashiria tumfuate tukiwa tumeinama. Bundi wawili walikuwa wamekaa kwenye tawi la chini, mabega yakigusana, macho yamefumba nusu. Hakuna aliyesema neno. Tuliporudi barabarani, mwenzetu mmoja aliyezaliwa Ganze alisema kwamba tangu utotoni ameambiwa bundi ni uchuro, na hajawahi kumtazama mmoja kwa hiari yake hadi siku hiyo.

Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na kisiki. Kilikuwa cha muhuhu, mti unaoota humo humo kwenye udongo mwekundu, na ambao ukuaji wake ni wa polepole mno. Mbao zake nzito zenye harufu nzuri zilipendwa sana na wachongaji wa vinyago, na kwa miaka mingi zilitolewa msituni kwa wingi. Kila muhuhu unaoangushwa hauondoki peke yake: unafunguliwa ujia wa kuuburuta, mfunda unakatwa pembeni, na kichaka anacholala bundi kinakuwa na dirisha. Siwalaumu wachongaji wote. Wengi walishahamia kwenye mwarobaini, ambao unaota upesi na umejaa mashambani. Mnunuzi naye ana sehemu yake: unaponunua kinyago, uliza ni cha mti gani. Ukiambiwa ni mwarobaini, nunua kwa moyo mweupe.

Jambo la pili tuliloonyeshwa ni mtego wa waya, umefungwa kwenye mche kwa urefu wa goti. Mtego hauchagui. Uliotegewa swara humnasa paa nunga, mnyama mdogo ambaye zaidi ya hapa amebaki katika misitu ya Boni na Dodori pamoja na visiwa vya Zanzibar. Ukiuona mtego usiutegue mwenyewe. Weka alama mahali hapo na umwambie mlinzi wa msitu au afisa wa KWS.

Hapa ni lazima tuseme ukweli unaosemwa katika kila baraza la vijiji vinavyopakana na msitu. Kwa mkulima wa Kakuyuni au Jilore, ndovu si kivutio cha watalii. Ndovu ni mahindi yaliyolala chini usiku mmoja kabla ya kuvunwa. Uzio wa umeme umesaidia penye uzio, na pale nyaya zinapolegea, hausaidii. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inatambua haki ya kulipwa fidia kwa mazao, mifugo, majeraha na vifo, na madai hupitia kamati ya kaunti ya wanyamapori na fidia. Piga ripoti ofisi ya KWS iliyo karibu mapema iwezekanavyo, kabla hujaondoa mazao yaliyoharibiwa, ili tathmini ifanywe. Wengi hukosa kwa sababu walisafisha shamba kwanza.

Je, msitu unarudisha nini? Swali hilo lilikuwa kali miaka ya mwanzo ya 1990, wakati wakazi wengi wa pembezoni walitaka sehemu ya msitu igawanywe mashamba. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo, na ofisi zake ziko ndani ya eneo la magofu ya Gede, chini ya Makavazi ya Kitaifa. Nenda ujionee. Mfugaji hunasa vipepeo majike msituni, huwaweka kwenye kizimba cha neti nyumbani, hulisha viwavi kwa majani ya mmea wao hasa, na viwavi wakishageuka mabuu yaliyofungwa ndani ya gamba huyauza kwa mradi. Kutoka hapo husafirishwa hadi bustani za vipepeo za Ulaya na Marekani. Kazi yenyewe ni ya mbio, kwa kuwa kipepeo hatangoji. Akichelewa njiani hutoka ndani ya sanduku na bidhaa imeharibika. Na ili mbegu isidhoofike, mfugaji hurudi msituni kutafuta vipepeo wapya. Msitu ukiondoka, kizimba chake kinabaki neti tupu.

Ukishatoka msituni asubuhi, usikimbilie nyumbani. Magofu ya Gede yako jirani, mji wa Waswahili uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na tangu Julai 2024 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Upande wa bahari kuna Mida, ambako utapita juu ya mikoko kwa daraja la mbao na kuona ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia wakila kwenye matope maji yakipwa. Sehemu ya ada ya daraja hilo husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaotoka kando ya msitu. Angalia nyakati za maji kujaa na kupwa kabla ya kupanga safari. Maji yakijaa hutaona ndege wengi.

Kuhusu maandalizi, fika kituoni saa kumi na mbili alfajiri, au saa kumi alasiri. Katikati ya mchana hata ndege wamelala. Ada ya kuingia hulipwa kupitia eCitizen, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hivyo beba kitambulisho. Omba mwelekezi siku moja kabla. Bila yeye hutawaona bundi, na pia yeye ndiye anayejua ndovu walilala wapi. Usiingie ndani kwa miguu peke yako. Vaa viatu vya kufunika na suruali ndefu kwa ajili ya siafu na miiba. Maji yawe kwenye chupa ya kutumika tena, kwa maana tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika maeneo ya hifadhi. Walimu waandike barua kwa kituo mapema na kugawa wanafunzi katika makundi madogo. Darasa zima likiingia pamoja litaona miti tu.

Anayehitaji kuni kavu au kuweka mizinga ya nyuki apitie chama cha jamii cha msitu cha eneo lake, kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya 2016, badala ya kuruka uzio usiku.

Na kwa ndugu zetu wa Marafa na vijiji vya Dakatcha: mvua zikinyesha na vidimbwi vikajaa, mkiona kundi la ndege wa njano na weusi wakisuka viota kwenye nyasi za majini, wajulisheni wanakikundi cha uhifadhi cha eneo lenu siku hiyo hiyo, na muwaepushe mifugo na kidimbwi hicho hadi makinda yaruke.