Akili Ikichoka: Kijitabu cha Familia za Kinoo

Kinoo haijaamua bado kama ni kijiji au mji. Ghorofa la vyumba vya kupanga limesimama palipokuwa na shamba la viazi, na nyuma yake shosho bado anamkatia ng'ombe majani. Katika ploti moja utakuta wenyeji wa Kiambu, jirani kutoka Kakamega, mwingine wa Kisii na mwingine wa Kitui. Kila mmoja alikuja na maelezo yake kuhusu mtu anayeugua akili: laana ya ukoo, kurogwa, pepo, bangi, mila iliyorukwa, madeni. Kijitabu hiki hakikuambii uache imani yako. Kinakuomba umfikishe mgonjwa kwa matibabu mapema, na ukifika huko ueleze mambo kama yanavyosemwa nyumbani kwenu.

Tumbo linalouma kumbe si tumbo

Ni wachache watakaoingia zahanati na kusema wana huzuni iliyowashinda. Watasema vidonda vya tumbo vimerudi, kichwa kinawaka moto, presha imepanda, moyo unaenda mbio, mwili umeisha nguvu. Mzee anapimwa malaria, anapewa dawa ya asidi, anarudi mwezi ujao na malalamiko yale yale. Hakuna aliyemuuliza usingizi ulimpotea lini, wala kama ulipotea tangu ndugu walipopelekana kortini kwa ajili ya shamba la baba yao.

Kutosikilizwa huku kuna historia. Daktari Mwingereza, J. C. Carothers, aliongoza hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950. Baadaye aliandika kwamba Waafrika hawapatwi sana na ugonjwa wa huzuni, na 1954 serikali ya kikoloni ikachapisha maandishi yake kuhusu Mau Mau, yakieleza vita vya ardhi kana kwamba vilikuwa kasoro ya akili za Wakikuyu. Wengi aliowaona Mathari walikuwa wamefikishwa huko kwa sababu ya fujo. Mama aliyekaa kimya jikoni wiki nzima bila kula hakupelekwa popote, kwa hiyo hakuhesabiwa. Hata leo ndiye anayesahaulika.

Dalili hizi zikidumu wiki mbili au zaidi, usingoje: hali chakula wala halali vizuri, haendi tena kanisani au kwenye chama, anajilaumu kwa kila kitu, hafurahii alichokipenda. Wanaume wengi hawalii. Wanakunywa zaidi, wanakuwa wakali, wanachelewa kurudi nyumbani.

Anza na jambo unaloliona kwa macho. "Baba, siku hizi nasikia ukifungua mlango saa nane usiku. Usingizi umeenda wapi?" Kisha nyamaza umsikilize. Ukihofia kwamba anafikiria kujiua, muulize waziwazi. Swali hilo halimpandikizii wazo, mara nyingi linampunguzia mzigo. Na usimfiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Mchungaji, mganga na daktari

Familia nyingi hupita kwa mchungaji au mganga kwanza, na kuzigombeza hakujawahi kumponya mtu. Kule Makueni, taasisi ya utafiti inayoongozwa na Profesa David Ndetei ilikaa chini na waganga wa kienyeji na viongozi wa dini, ikawafundisha kutambua dalili kwa kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na kuwapeleka wagonjwa hospitalini. Zimbabwe nako, Dkt. Dixon Chibanda alianza 2006 kuwaandaa akina nyanya wa Harare wawasikilize wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Shosho wa Kinoo hana upungufu wa hekima hiyo. Anachokosa ni mafunzo na mahali pa kumpeleka mgonjwa.

Kwa hiyo mwambie mchungaji, kwa heshima: "Pasta, tuombee, na dawa ataendelea nazo." Mchungaji mwema hatakataa. Ukiambiwa mgonjwa afunge kula na kunywa, achapwe ili pepo atoke, au afungwe mnyororo, mtoe hapo. Kufunga kula na kunywa ni hatari zaidi kwa anayetumia dawa ya lithiamu, kwa sababu maji yakipungua mwilini dawa huzidi katika damu. Akiwa amekunywa mitishamba, usimfiche daktari. Beba chupa yenyewe.

Mkifika zahanati

Omba mgonjwa azungumze lugha inayomtoka kwa urahisi, Kikuyu, Kiluhya au nyingine. Mkalimani awe mtu mzima anayeaminiwa na mgonjwa. Mtoto wa darasa la sita hafai kutafsiri siri za baba yake.

Dawa nyingi huachwa wiki za kwanza, na sababu inaeleweka. Za huzuni huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya nafuu kuonekana, ilhali kichefuchefu huja siku za mwanzo. Haloperidoli nayo, inayopewa anayesikia sauti zisizokuwepo, inaweza kukaza shingo na kugeuza macho yatazame juu. Familia ikiona hivyo usiku, hudhani pepo amepanda. Ni madhara ya dawa, na kuna dawa ya kuyatuliza. Mrudisheni kituo cha afya upesi.

Jina la Mathari limegeuzwa tusi la kutishia watoto, ingawa hospitali hiyo, iliyoanzishwa 1910, huwatibu watu na wakarudi makwao. Wengi hawahitaji kufika huko. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa 2022 inazitaka kaunti zitoe huduma hii karibu na wananchi. Anza na mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita mlangoni kwako. Yeye ndiye anayejua ni siku gani kuna kliniki ya akili na wapi.

Hatari ikiwa usiku huu

Usimwache peke yake. Dawa ya kunyunyizia kabichi, sumu ya panya na vidonge vyote vitoke nyumbani vikawekwe kwa jirani, hata kama mgonjwa ameahidi hatavigusa. Piga 1199, Msalaba Mwekundu wa Kenya, bila malipo. Kwa mtoto ni 116. Kisha mpelekeni kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, watu wawili wakiandamana naye, mmoja wao akiwa yule anayemsikiliza akiongea.