Kuvuka Mpaka Pamoja na Watoto

Watu wengi wa Butembo na Beni wana jamaa ng'ambo ya mto Lubiriha. Shangazi yuko Bwera, kaka yuko Kasese, na lugha ni kama moja, kwa maana Wanande wa kwetu na Wakonzo wa Uganda husikilizana bila mkalimani. Basi mama anapokwenda soko la Mpondwe siku ya Jumanne au Ijumaa, anamfunga mdogo mgongoni kwa kikwembe, anamshika mkubwa mkono, na kusema, "Ni safari ya siku moja tu. Jioni tutalala kwetu." Fundisho hili ni juu ya siku ile moja.

Neno la kwanza ni kubwa kuliko mengine. Mtoto mgonjwa asivushwe kwa siri. Akiamka na homa, au anatapika, au anahara, au hataki kunyonya, safari ingoje. Mpelekeni katika kituo cha afya kilicho karibu. Tunajua kwamba wazazi wengine humpeleka ng'ambo wakifikiri dawa ya kule ina nguvu zaidi, nao huogopa kupimwa homa kwenye dwane, wakatafuta njia ya panya. Sikieni mambo yaliyotokea.

Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ukamalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Mwezi wa Juni 2019, jamaa moja iliyokaa Uganda ilikuwa imekuja Kongo kwa ajili ya babu aliyekuwa mgonjwa, naye akafa kwa Ebola. Walipokuwa wakirudi, wafanyakazi wa afya wa Kasindi waliona dalili kwa wengine wao, wakawatenga wapate kutunzwa. Wengine hawakungoja, wakavuka mpaka. Katika jamaa hiyo alikuwamo mtoto wa miaka 5. Alipelekwa hospitali ya Kagando, kisha Bwera, akafa. Nyanya yake akafa, na mdogo wake wa miaka 3 akafa pia.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu. Waliofiwa hutaka kurudi nyumbani kwao, na nani asingetaka? Lakini mtoto hawezi kuchagua njia. Anabebwa tu.

Mwezi wa Agosti mwaka uleule, msichana wa miaka 9 alifika dwane ya Mpondwe pamoja na mama yake. Walipita mlangoni, si porini. Wafanyakazi wa afya wakaona kwamba ni mgonjwa, wakamtenga palepale. Hatutawadanganya: msichana huyo hakupona. Kazi ya chombo cha kupima homa ni kuonyesha ugonjwa, hakiuponyi. Lakini hakukaa sokoni kati ya watu, wala hakulala katika nyumba ya shangazi mwenye watoto. Ebola ilirudi Butembo mwaka 2021, na Beni mwaka 2021 na 2022, kwa hiyo msidhani kwamba kunawa mikono na kupimwa dwane ni mambo ya zamani. Na kama mmegusana na mgonjwa wa Ebola, au mmekuwa kwenye maziko yake, msisafiri na watoto kabla siku 21 hazijaisha, hata kama wote wanaonekana wazima.

Njia ya panya ina hatari nyingine, nayo ni mto wenyewe. Mvua ikinyesha juu milimani Ruwenzori, maji huongezeka ghafula, hata kama jua linawaka pale Kasindi. Maji yanayofika magotini mwa baba yanafika kifuani mwa mtoto.

Sasa, homa ya malaria. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, na baridi yake inapunguza mbu. Kasindi iko chini, kwenye joto, na mbu ni wengi. Mtoto aliyezaliwa kwenye baridi hana mazoea ya malaria, naye huugua vibaya kuliko mtoto wa kule. Mbu wa malaria huuma hasa usiku. Kwa hiyo rudini mapema, na kama mkilazimika kulala, mtoto alale ndani ya chandalua. Homa haiji kesho yake. Inakuja baada ya siku 7 au zaidi, wakati mama ameisahau safari. Anafika kwa mwuguzi na kusema, "Ni mafua tu." Mwambieni mwuguzi tarehe mliyovuka, na ombeni mtoto apimwe damu.

Juu ya kurudi mapema, kumbukeni saa. Saa ya Uganda inatangulia yetu kwa saa moja. Kasindi ikiwa saa tisa, Mpondwe ni saa kumi. Ulizeni asubuhi mlango utafungwa saa ngapi, na ulizeni ni saa ya nchi gani.

Tena, kwetu motokari hupita upande wa kuume, lakini Uganda hupita upande wa kushoto. Mtoto wa Butembo aliyefundishwa kutazama kushoto kwanza atatazama upande usio na lori. Malori ya pale ni mengi na marefu. Msimwache avuke peke yake, hata akiwa na miaka 10.

Chukueni maji yaliyochemshwa kutoka nyumbani, na chakula kilichopikwa asubuhi. Mtoto wa kunyonya anyonye mara nyingi, kwa maana joto linakausha mwili wake. Akianza kuhara njiani, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vitamsaidia mpaka mfike hospitali. Karata yake ya chanjo mwe nayo.

Barabara ya Beni mpaka Kasindi, kilometa karibu 80, imeona mashambulizi mengi. Waulizeni wenye motokari asubuhi ileile, si jana yake. Wakisita, mtoto abaki.

Maulizo ya kusemezana: Mama amerudi kutoka Mpondwe siku 9 zilizopita, na mtoto ana homa. Atamwambia mwuguzi neno gani la kwanza? Na baba amefika Kasindi, mtoto anatapika, mlango utafungwa baada ya nusu saa, na ng'ambo jamaa wanangoja na chakula cha arusi. Afanye nini?