Kubadili Tairi la Bajaji ya Mradi

Bajaji inayobeba mizigo ya kikundi kati ya Mnazi Mmoja na Kariakoo humaliza matairi haraka. Tairi likiwa kipara, au likipasuka ubavuni hadi nyuzi zionekane, tusiliwekee kiraka. Tulibadilishe.

Kwanza tusome namba ubavuni. Bajaji nyingi hutumia 4.00-8, yaani upana inchi 4 na rimu inchi 8. Toroli nyingi za ujenzi nazo huvaa namba hiyo hiyo, na hapo ndipo tulipoteleza. Tulifurahia bei nafuu, kumbe tumeuziwa tairi la toroli, halikumaliza mwezi. Siku hizi tunaangalia pia alama ya PR, inayoonyesha uimara wa tairi kwa mzigo.

Tuweke jiwe kwenye magurudumu mengine, tulegeze nati za gurudumu, ndipo tupige jeki. Sasa tuwe waangalifu. Rimu ya bajaji huwa ni nusu mbili zilizofungwa pamoja kwa nati nyingine. Nati hizo zikifunguliwa tyubu ikiwa na upepo, nusu hizo huruka kwa nguvu na zinaweza kumpiga fundi usoni. Upepo utolewe wote kwanza, hata kama tairi linaonekana limelala.

Wakati wa kurudisha, tyubu itiwe upepo kidogo isibanwe kati ya nusu za rimu. Hata tunapomlipa fundi wa mtaani, mjumbe mmoja husimama pale mpaka aone upepo umeisha.